Fundi Akujibu: Loki ipi haitanikunjia kisu vidoleni?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nafanya kazi ya bustani na kisu cha kukunja hakinitoki mfukoni. Loki yake ni lile bamba jembamba la ndani ya mpini, unalisukuma pembeni kwa kidole gumba ndipo kifunge. Juzi nilikisokota kwenye fundo la tawi, kikajikunja chenyewe. Glavu ndiyo iliyoniokoa. Mwenzangu kazini anasema ninunue chenye loki ya mgongoni, eti hiyo ndiyo yenye nguvu, na nikijaribu kwa kugonga mgongo wake mezani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Mwenzako anazungumzia nguvu, yaani mzigo ambao loki inaubeba kabla chuma hakijapinda au kukatika. Kilichokupata wewe ni kingine. Loki yako haikuvunjika, iliteleza. Visu vingi ninavyoletewa ni vya namna hiyo: loki nzima kabisa, mwenyewe ana plasta kidoleni.

Bamba hilo la ndani lilienezwa na Michael Walker, fundi visu Mmarekani, miaka ya 1980. Ni springi bapa ambayo ncha yake huingia nyuma ya shina la kisu, yaani kitako cha bapa la makali kilicho ndani ya mpini, na kulizuia lisirudi. Shina hapo limechongwa mshazari kidogo. Mshazari ukizidi, kila ukikandamiza unalisukuma bamba litoke. Ukipungua mno, linanasa. Ukisokota ndiyo balaa, maana mpini nao hujipinda na bamba hutambaa pembeni. Wakati mwingine nyama ya vidole vyako vyenyewe ndiyo inayolisukuma. Chris Reeve, naye fundi visu, alilitatua hilo kwa kulifanya bamba liwe ubavu wa mpini wenyewe: ukikaza mkono, unakaza loki. Napenda sana akili hiyo.

Loki ya mgongoni, iliyopata umaarufu kwa kisu cha Kimarekani cha Buck 110 cha mwaka 1964, ni jino linalotumbukia kwenye pengo la shina. Ina nguvu, na msokoto haiuogopi sana. Ila kwa mtu wa bustani nina wasiwasi na lile pengo. Likijaa utomvu na udongo, jino halizami lote, nawe utasikia “tak” ukadhani limeingia. Tena kuna visu ambavyo sehemu ya kubonyeza ipo pale pale kiganja kinapokaza, ukashika kwa nguvu ukaifungua bila kujua. Andrew Demko, mbunifu wa visu, aliiboresha loki hiyo kwa ajili ya kampuni ya visu ya Cold Steel: aliweka pini kati ya shina na jino, mzigo ukaishia kwenye pini, na jino likapewa nafasi ya kuzama zaidi kadiri linavyolika. Kwa nguvu tupu, sijaona ya kuishinda kirahisi.

Usisahau pete ya kufungia ya Opinel, kisu cha Kifaransa, ya mwaka 1955. Unaizungusha kwa mkono, basi. Haina springi ya kuchoka. Kasoro yake ni wewe: usipoizungusha, huna loki.

Kugonga mgongo mezani achana nako. Mshtuko wa ghafla unaweza kulirusha jino zima lisilo na kosa, na ukirudia rudia unaiharibu loki nzuri. Fungua kisu, shika mpini kwa namna ambayo hakuna kidole kwenye njia ya makali, kisha kandamiza mgongo polepole kwenye ubao. Rudia ukisokota kidogo, macho yakiwa kwenye loki. Ikisogea hata kidogo, hicho si cha kununua.

Kabla hujatoa hela, kifanyie kisu chako jaribio hilo hilo. Kwanza safisha kwa mswaki na maji ya sabuni, kikaushe, weka tone la mafuta kwenye skrubu ya bawaba na uikaze mpaka bapa la makali liache kuchezacheza. Tazama bamba limekaa wapi. Likishika ukingoni tu mwa shina, au likiwa limevuka hadi kugusa ubavu wa pili, limekwisha. Kisu hicho kibaki cha kufungulia mifuko ya mbolea. Likikaa vizuri na lisisogee, endelea nacho kwa vijiti na kamba. Lile fundo lilihitaji msumeno mdogo wa kupogolea, na loki ya mgongoni nayo usingeisokota humo.