Kuhamia Grand Rapids na familia: uanze na nini

Mdogo wangu, umeuliza kama uache Dallas uende Grand Rapids, jimbo la Michigan, kwenye kiwanda cha fanicha, na ukifika upange katikati ya mji au nje. Mi naona nenda tu, ule mji umeishi kwa fanicha za maofisi miaka na miaka, na mtu mwenye mikono anayewahi shifti hakosi kazi. Ila kama ni kupitia ajensi, yaani kampuni inayokutafutia kazi ya muda kiwandani, uliza kabla hujapakia hata kikombe: wanakuajiri moja kwa moja baada ya muda gani, na bima ya afya inaanza lini, maana una mtoto.

Nyumba angalia Kentwood au Wyoming, miji ya jirani hapo hapo (sio lile jimbo la Wyoming), sio downtown, katikati ya mji. Ukikaa ndani ya Grand Rapids jiji linakata asilimia 1.5 ya mshahara, ukikaa nje ukafanya kazi ndani ni 0.75, na hapo kodi ya jimbo asilimia 4.25 iko palepale, we umezoea Texas ambako hiyo ya jimbo haipo, usije ukashtuka na paystabu ya kwanza, ile karatasi ya mshahara. Bima ya gari Michigan ni ghali kwelikweli, omba bei mapema. Na gari ni lazima, shifti ya usiku basi halikufai.

Theluji inatoka ziwani, Ziwa Michigan, inamwagika. Weka chepe na kikwangulio kwenye buti, alfajiri unakwangua kioo vidole vimekufa ganzi.

Shemeji asiogope upweke, Wakongo wapo wengi, Kiswahili atakisikia kanisani hadi dukani.