Commodore mpya, au kufufua ile ya mzee?

Kaka, umeuliza kama ununue Commodore 64 Ultimate, toleo jipya la kompyuta ya nyumbani ya zamani, lililotangazwa 2025 kwa dola 299, au ufufue ile Commodore 64 ya mzee iliyolala kabatini. Nakuelewa. Tangu kampuni ya Commodore ifilisike 1994 jina hilo limepita mikono mingi, na wapenzi wake wameuziwa vitu vyenye nembo tu. Ndiyo maana wengine bado wananuna.

Hii iliyotangazwa 2025 ina uzito: ndani kuna chipu ya FPGA, yaani inayoweza kupangwa upya, inayoiga saketi zenyewe za mashine ya 1982, na katriji za zamani (vile vidude vya michezo vya kuchomeka) zinaingia. Mimi ningeinunua. Ila lipia bidhaa iliyokwisha kutoka, si ahadi. Waliochangia fedha mwaka 2016 ili Vega+ itengenezwe, mashine ya mkononi ya michezo ya kompyuta ya zamani ya Spectrum, wengi hawakupata kitu.

Ile ya mzee usiichomeke kwanza! Adapta yake ya asili ikizeeka, umeme wa volti 5 huweza kupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Tafuta adapta mpya ya mashine hiyo, au mpe fundi wa elektroniki aipime ile adapta ya zamani kwa mita. Usihangaike kuifungua adapta hiyo ya zamani, ndani imemiminiwa gundi ngumu kama jiwe.