Kabla Hujailaumu Pampu

Fundi mgeni akikuta maji hayafiki kwenye tangi, neno lake la kwanza ni "pampu ndogo". Mara nyingi pampu haina kosa, bomba ndilo linalokula nguvu.

Anza na ndoo. Kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 20, unapata lita 1 kwa sekunde. Ukiyapitisha maji hayo kwenye bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25, kila mita 100 za urefu zinakula takriban mita 18 za kimo (yaani urefu ambao pampu ingeyainua maji) kwa msuguano tu. Kwenye bomba la milimita 50, hupotezi hata mita 1. Kipenyo kikipungua nusu, maji hukimbia mara 4, na msuguano hupanda kuliko hata mwendo wenyewe. Mwenye nyumba aliyebana pesa kwenye bomba atazilipa kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Upande wa kuvuta ndiko wengi wanakoumbuka. Pampu kwa kweli haivuti. Inapunguza presha ndani ya bomba, kisha hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji juu. Mikindani, usawa wa bahari, hewa hiyo haiinui maji zaidi ya mita 10.3 hata ulete pampu gani. Kazini hesabu 7. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, punguza tena kidogo, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Kina kikizidi hapo, tumia pampu ya kuzamisha.

Pampu ikilia kama imemeza kokoto, maji yanachemka ndani yake yakiwa baridi vilevile, kwa kukosa presha. Mapovu yanapasuka na kuyala mapanga yake. Tazama kwanza chujio la chini, huenda limeziba. Ikitoa maji kwa kukatakata, kuna kiungio kinachoingiza hewa: mwagia maji kiungio kimoja kimoja pampu ikizunguka, na pale mlio utakapobadilika ndipo penye tundu.

Kwa mabomba yanayoteremka bondeni, mita 10 za kimo ni karibu bar 1 ya presha. Mteremko wa mita 120 unakupa bar 12 chini, na bomba la PN10, lililotengenezwa kuhimili bar 10, limeshazidiwa. Mchana halipasuki, kwa kuwa watu wanachota na msuguano unapunguza presha. Linapasuka usiku, koki zote zikiwa zimefungwa. Kwa hiyo geji ifungwe chini kabisa, isomwe maji yakiwa yamesimama.