Jibu: Yuniti niliyofeli na alama zisizoonekana

Dadangu, una mambo mawili: hisabati ya mwaka wa pili uliyopata 36, na yuniti (somo) ambayo kwenye transkripti, ile hati ya matokeo, ni tupu ilhali mtihani uliufanya.

La kwanza lisikukoseshe usingizi. Vyuo vyetu vingi hapa Kenya, ukipita mtihani wa marudio unaandikiwa 40 tu, alama ya chini ya kupita, hata ukipata 80. Inauma, lakini piga hesabu: yuniti 40, 39 zikiwa na wastani wa 62 na moja ina 40, bado uko kwenye 61.45. Daraja la pili la juu hilo.

La pili ndilo la kukimbilia, tena wiki hii. Mimi yalinikuta. Mwalimu alikuwa wa kibarua, mkataba ukaisha, akahama mji. Nilivuka feri ya Likoni asubuhi mara nne kwenda idarani, kila siku naambiwa "rudi Jumatatu". Kilichoniokoa ni ile karatasi ya mahudhurio tunayotia sahihi ndani ya chumba cha mtihani. Jina langu lilikuwa la tatu kutoka chini. Kumbe alama zilikuwepo, zimeingizwa kwa namba ya usajili ya mwenzangu.

Andika barua kwa mwenyekiti wa idara, taja msimbo wa yuniti na tarehe ya mtihani, ambatisha kadi ya mtihani, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiishie kusema kwa mdomo pale dirishani. Na usingoje orodha ya mahafali itoke, wakati huo foleni yake waijua mwenyewe.