Faili Lililotumwa na Faili Lililofika

Mama mmoja aliingia ofisini kwetu Tukuyu na karatasi tatu alizozifunga kwenye pindo la kitenge. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua haijakatika tangu alfajiri. Nikamwamkia, akaitikia, akazipanga karatasi zake mezani moja moja.

"Mwanangu, hizi ni risiti za mizani. Jumanne nilipima kilo 42 za chai. Kwenye malipo, Jumanne yangu haipo."

Nilifungua kompyuta nikiamini kosa si letu. Kompyuta ya kituo ilikuwa na kilo zake 42, sawasawa na karatasi. Seva ya Dar es Salaam, ambayo ndiyo inayopanga malipo, ilikuwa na faili la Jumanne lililoishia njiani. Mkulima wa mwisho jina lake lilikatwa kwenye herufi ya nne, na wote waliopima baada yake ni kama siku hiyo hawakuchuma hata jani. Nikatazama kumbukumbu za skripti yangu, yaani orodha ya amri niliyoiachia kompyuta itume mafaili usiku. Zilisema: imetumwa.

Faili tulilituma upya siku ileile, na pesa zikaingia kama nyongeza mwezi uliofuata. Lakini mama yule alisubiri mwezi mzima kwa ajili ya mistari michache niliyoiandika vibaya. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaotuma data usiku kutoka vituoni, iwe chai ya Rungwe na Mufindi, parachichi za Njombe au kahawa ya Mbozi, kwa modemu na bando, bila mtu wa kuangalia.

Skripti yangu ya kwanza ilitumia FTP, njia ya zamani ya kupeleka mafaili mtandaoni, na makosa yalikuwa mawili. Kila programu ikimaliza kazi huacha namba. Sifuri maana yake salama. Ile programu ya ftp ya kwenye tamino (dirisha la kuandikia amri), ukiilisha amri kwa skripti, huweza kushindwa kupakia faili na bado ikatoka na sifuri. Mimi nilikagua sifuri, nikaandika "imetumwa". Kosa la pili ni kwamba FTP huandika faili upande wa pili kwa jina lake la mwisho tangu baiti ya kwanza. Mtandao ulipokatika, kilichobaki seva kilikuwa nusu faili lenye jina kamili, na programu ya malipo ikalisoma bila kushuku.

Kuna na jambo la nywila. FTP ya kawaida huipitisha wazi, na anayedukiza katikati anaisoma. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha Helsinki, Ufini, aliandika SSH, njia ya kuunganisha kompyuta mbili kwa mawasiliano yaliyofichwa, baada ya nywila kuibwa kwa udukizi wa namna hiyo kwenye mtandao wa chuo chake. Mafaili yetu yana majina ya wakulima, namba zao za simu na kipato chao, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama bado unatuma vitu hivyo kwa FTP, acha wiki hii.

Nilihamia rsync, programu ya kupeleka mafaili inayopita ndani ya SSH. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, na kwa mtu wa bando ni neema: faili lililokwishafika halirudii, na lililobadilika hutuma sehemu zilizobadilika. Huandika kwanza kwa jina la muda lililofichwa, kisha likikamilika ndipo hulipa jina lake halisi. Moyo wa skripti yangu ni mistari hii:

cd /home/mizani/tayari || exit 1
rsync -az --partial-dir=.nusu --timeout=60 ./ seva:kupokea/ || exit 1
rsync -a seva:risiti/ ../risiti/

Folda ya .nusu hutunza kipande kilichofika ili mtandao ukirudi kazi iendelee palipokatikia. Bila --timeout, mtandao wa kusuasua unaweza kuiacha skripti imeganda mpaka asubuhi. Folda ya tayari huingia mafaili ya siku iliyofungwa tu, si faili ambalo mizani bado inaliandika. Usiweke --delete katika kazi ya namna hii hata ukikuta mtu ameipendekeza: siku folda ya kituo itakapokuwa tupu kwa bahati mbaya, na ya seva itafutwa.

Kama seva yenu inakubali SFTP pekee (kupeleka mafaili kupitia SSH), pakia kwa put ukitumia jina la muda, halafu tumia rename kulipa jina halisi. Ukiiendesha kwa -b, yaani isome amri zake kutoka kwenye faili, itasimama pale put au rename itakaposhindwa, na haitajifanya salama.

Mstari wa tatu ndio ninaoupenda. Mkulima haondoki kwenye mizani bila risiti, basi nikaona na kompyuta isiondoke bila risiti. Kila faili huenda na alama yake ya sha256sum, ambayo hubadilika faili likibadilika hata herufi moja. Seva hukagua kwa sha256sum -c, na ikilingana huandika faili dogo kwenye folda ya risiti. Skripti yangu huichukua risiti hiyo, na hapo tu ndipo hulihamisha faili kutoka tayari kwenda imefika. Programu ya malipo nayo haigusi faili lisilo na risiti. Saa 12:10 asubuhi skripti nyingine hukagua: risiti ya jana ikikosekana, natumiwa SMS kupitia modemu ya pili, ya zamani, kwa programu ya gammu.

Ufunguo wa SSH utengeneze wa kazi hii peke yake, kwa ssh-keygen -t ed25519, bila nywila maana usiku hakuna wa kuiandika. Kwa kuwa hauna nywila, ufungie upande wa seva: mbele ya ufunguo huo kwenye authorized_keys, faili la funguo zinazoruhusiwa, andika restrict,command="rrsync /srv/mizani". Hata kompyuta ikiibwa kituoni, mwizi hatavuka folda hiyo. Mara ya kwanza unganisha kwa mkono, na mpigie simu msimamizi wa seva mlinganishe alama ya ufunguo wake.

Sasa saa. Mimi niliwahi kuandika 8 kwenye cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa uliyopanga, nikimaanisha saa nane usiku, kazi ikaanza saa mbili asubuhi watu wamejaa mizani. Saa nane usiku ni 2. Kagua pia kwa timedatectl kama kompyuta inafuata Africa/Dar_es_Salaam. Ikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma yetu saa tatu, na faili la baada ya saa sita usiku litapewa tarehe ya jana. Na umeme? Cron hairudii kazi iliyopitwa kompyuta ikiwa imezimika. Kwa hiyo siitegemei saa moja:

*/30 0-5 * * * flock -n /tmp/tuma.lock /home/mizani/tuma.sh >> /home/mizani/tuma.log 2>&1

Kila nusu saa, kuanzia saa sita usiku. Kama kila kitu kimefika, rsync haina cha kupeleka. Flock huzuia ya pili isianze ya kwanza ikiwa bado njiani.

Kabla ya kuikabidhi kazi, iharibu mwenyewe. Chomoa modemu katikati ya kutuma. Zima kompyuta kwa swichi ya ukutani. Kisha mwombe mwenzako wa upande wa seva abadilishe tarakimu moja baada ya mzunguko wa mwisho, kabla ukaguzi haujapita. Mimi nilimwomba aibadilishe 42 iwe 43. Saa 12:10 asubuhi simu ikalia.