Kuhamisha wateja wa benki bila kuwafungia nje

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko idara ya TEHAMA ya benki ndogo hapa Mwanza. Mfumo wanaotumia wateja kuingia kwenye akaunti zao umezeeka, na nywila zimehifadhiwa kwa heshi, yaani alama zinazokokotolewa kutoka kwenye nywila, za SHA-1, njia ya zamani isiyo salama tena. Wakubwa wanataka tuhamie mfumo mpya Jumamosi usiku, kisha kila mteja atumiwe SMS abadili nywila. Ni sawa?

JIBU: Salama, ndugu. Heshi hazinipi shida. Hiyo SMS ndiyo inayonitia hofu.

Ni kweli heshi hairudi kuwa nywila, lakini huhitaji kuzijua nywila. Chukua kila heshi ya SHA-1 na chumvi yake (herufi za kubahatisha zilizochanganywa na nywila), ipitishe kwenye Argon2id, njia mpya iliyo ngumu zaidi kuvunja, kama kuivika ganda, hifadhi jibu. Mteja akiingia, mfumo ukokotoe SHA-1 kwanza, kisha Argon2id, ulinganishe. Zikilingana, hapo hapo kokotoa Argon2id ya nywila yenyewe na lile ganda la zamani ulitupe. Mteja hatajua kitu. Asiyeingia mwaka mzima atabaki na ganda lake, naye yuko salama. Ila zisakeni nakala rudufu: heshi tupu za SHA-1 zikibaki huko, kazi yote ni bure.

Sasa ile SMS. “Badili nywila, bonyeza hapa” ndiyo lugha ya matapeli. Mkiituma kwa wateja wote siku moja, matapeli watatuma ya kwao siku hiyo hiyo, na mteja hatajua ipi ni ipi. Wengine watapiga simu huduma kwa wateja, foleni itarefuka, na mhudumu aliyechoka ataanza kulegeza maswali ya utambulisho. Wezi hupenda kupitia hapo.

Kuna na namba za simu. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hurudi kwa kampuni ya simu, ikauzwa kwa mtu mwingine. Ukituma namba ya uthibitisho huko, umempa mgeni akaunti. Kabla ya kuhama, tengeni akaunti zote ambazo namba zake hazijathibitishwa karibuni. Wenyewe waje tawini na namba ya NIDA, waweke kidole. Itawachosha, lakini mzigo wenyewe uko hapo, pamoja na wale wenye wasifu mbili kwa jina moja.

Kuhusu Jumamosi usiku, waambie wakubwa habari ya benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 ilihamisha wateja milioni 5.2 kwa wikiendi moja. Hadi milioni 1.9 wakashindwa kuingia, na Desemba 2022 ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Ule ulikuwa mfumo mzima wa benki, lakini wakubwa huelewa lugha ya pauni. Nyinyi anzeni na wafanyakazi, kisha tawi moja, mfumo wa zamani ukiwa bado hai kwa wasiohamishwa. Tarehe za mshahara msiziguse.

Kuingia kwa alama ya kidole kwenye simu, badala ya nywila, subirini miezi michache. Mkibadili yote kwa pamoja, mteja akikwama hamtajua pa kuanzia kutafuta.