Maswali ya Wasomaji: Kivinjari Kinapotaka Kuwashwa Upya Katikati ya Kazi

SWALI: Ndugu Mshauri, nina duka la steshenari mjini Morogoro, na sehemu kubwa ya kipato changu hutokana na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni: mikopo ya wanafunzi, ajira, vyeti vya kuzaliwa. Kompyuta ni moja, tunaitumia mimi na kijana wangu wa kazi, kila mtu na akaunti yake. Hivi karibuni nilikuwa nimefika ukurasa wa mwisho wa fomu ya mteja, nikabofya kiungo cha namba ya kumbukumbu ya malipo ili kifunguke kwenye kichupo kingine, na badala yake nikaletewa ukurasa mtupu unaosema kwamba kivinjari kimesasishwa na hakiwezi kuendelea mpaka kiwashwe upya. Nilipokiwasha, fomu yote ilikuwa imefutika, na mteja aliyetoka Mvomero tangu alfajiri ikabidi aanze mwanzo. Kwa nini programu ijisasishe bila kuniuliza? Nikizuia masasisho yote, nitakuwa nimekosea?

JIBU: Ndugu yangu wa Morogoro, pole sana kwa yaliyokukuta. Malalamiko yako ni ya haki, na ninalisema hilo mapema kwa sababu watumiaji wa kawaida wamezoea kujibiwa kana kwamba kukerwa na masasisho ni dalili ya kutojua kompyuta. Mtu anayefanya kazi huku mteja amesimama mbele yake ana haki ya kutarajia kwamba chombo chake hakitamgeuka katikati ya kazi.

Kivinjari cha siku hizi, kama Chrome au Firefox, si programu moja inayojitegemea, bali ni kundi la programu ndogo: moja ni kiongozi, inayosimamia dirisha, sehemu ya anwani na vitufe, na nyingine ni wasaidizi wanaobeba kurasa zenyewe, ili ukurasa mmoja ukikwama au ukiwa na hila usiziharibu nyingine. Unapofungua kichupo kipya, kiongozi huweza kuhitaji msaidizi mpya, naye humwanzisha kutoka kwenye mafaili yaliyomo kwenye diski. Ikiwa mafaili hayo yamekwisha kubadilishwa na toleo jipya huku kiongozi akiwa bado wa toleo la zamani, wawili hao hawataelewana, na watengenezaji wa baadhi ya vivinjari wameona ni salama zaidi kukataa kufungua ukurasa kuliko kuruhusu sehemu zisizolingana zifanye kazi pamoja. Hali hii hutokea hasa kwenye kompyuta kama yako, inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja: kijana anafungua kivinjari kwa akaunti yake, sasisho lililokuwa linasubiri linawekwa, na wewe uliyeacha madirisha yako wazi huna habari mpaka unapobofya kiungo. Kwenye kompyuta za Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, hutokea pia pale mfumo wenyewe unapobadilisha mafaili ya kivinjari ambacho bado kimefunguliwa.

Jambo ambalo ukurasa ule ulipaswa kukuambia kwa herufi kubwa ni kwamba vichupo vilivyokuwa tayari wazi kwa kawaida huendelea kuwa hai. Siku nyingine ukikutana nao, usibonyeze kitufe cha kuwasha upya. Rudi kwenye kichupo chenye fomu, jaribu kuituma au kuihifadhi palepale, na kama haikubali, nakili majibu marefu uyabandike kwenye faili la kawaida kabla ya kufunga chochote. Hakuna uhakika kwamba fomu itakubali kutumwa, kwa kuwa hatua inayofuata nayo inaweza kuhitaji msaidizi mpya, lakini angalau maandishi ya mteja hayatapotea.

Sasa kuhusu kutoulizwa. Miaka ya nyuma vivinjari viliuliza, na watu wengi walijibu "baadaye" mwaka mzima, matokeo yake mamilioni ya kompyuta zikawa zinatembelea tovuti kwa matoleo yenye matundu ya usalama yanayojulikana na kila mhalifu. Google Chrome, iliyotoka mwaka 2008, ilikuja na utaratibu wa kujisasisha kimyakimya. Firefox nayo, ambayo kati ya toleo la 3.6 la Januari 2010 na toleo la 4 la Machi 2011 ilichukua zaidi ya mwaka, ilibadili mwendo kuanzia Juni 2011 na kutoa toleo jipya takribani kila wiki 6. Baadaye vyote viwili vilihamia mzunguko wa wiki 4, Firefox mwaka 2020 na Chrome Septemba 2021, na kuanzia Agosti 2023 Chrome iliongeza marekebisho ya usalama ya kila wiki. Sababu waliyoitoa Google ni ya msingi: msimbo wa Chromium, yaani maandishi ya programu ambayo Chrome imejengwa juu yake, uko wazi kwa umma, hivyo tundu linapozibwa, marekebisho yake huonekana na kila mtu kabla hayajafika kwenye kompyuta yako, na mhalifu mwenye ujuzi huweza kuyasoma, akagundua tundu lilikuwa wapi, akalitumia dhidi ya wale ambao bado hawajasasisha.

Kwa hiyo, ndiyo, utakuwa umekosea ukizuia yote. Kumbuka kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kilichofunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kuvuruga hospitali za umma nchini Uingereza. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho ya tundu lile la Windows mwezi Machi mwaka huohuo, na waliokuwa wameyaweka tundu lile lilikuwa limezibwa kwao. Kwenye duka lako zinapita namba za vitambulisho, vyeti na nywila za watu wengine, na uzito wa dhamana hiyo ni mkubwa kuliko wa kompyuta ya nyumbani.

Hata hivyo, sikubaliani na watengenezaji katika jambo moja, nami sioni kwa nini tulinyamazie. Kuziba tundu la usalama na kuhamisha vitufe ni mambo mawili tofauti, lakini tunayapokea ndani ya kifurushi kimoja, na anayetaka la kwanza analazimishwa kumeza la pili. Mtu anayetegemea kivinjari kwa riziki yake anastahili kupata usalama bila kulazimika kujifunza upya mahali pa kila kitu kila mwezi. Kwa bahati njema, Mozilla, watengenezaji wa Firefox, tangu mwaka 2012 inatoa toleo la Firefox la msaada wa muda mrefu, linaloitwa ESR, ambalo hupata marekebisho ya usalama kwa ratiba ya kawaida huku sura na vipengele vyake vikibaki vilevile kwa takribani mwaka. Lilitengenezwa kwa ajili ya mashirika na shule, lakini mtu yeyote anaweza kulipakua bure, na kwa duka la steshenari ndilo ambalo ningelichagua.

Lililobaki ni wewe kuchagua saa. Asubuhi kabla ya kupokea mteja, fungua menyu ya kivinjari, ingia sehemu ya msaada inayokieleza kivinjari chenyewe na namba ya toleo lake, nacho kitatafuta sasisho mara moja. Liweke, ukiwashe upya, kisha ufungue duka. Mwombe kijana naye afunge madirisha yake anapotoka kwenye akaunti yake. Kwenye mipangilio, chagua vichupo vya mwisho virudi kila kivinjari kinapofunguliwa, lakini fahamu kwamba madirisha ya faragha hayarudi, na kwamba tovuti nyingi za malipo zitakutaka uingie upya. Anayetumia Chrome aangalie rangi ya alama iliyo kwenye kona ya juu: kijani ni kwamba sasisho lina chini ya siku 2, rangi ya chungwa ni takribani siku 4, na nyekundu ni wiki nzima au zaidi. Windows yenyewe nayo ina sehemu ya kuweka saa za kazi, ambamo haitajizima na kujiwasha kwa ajili ya sasisho. Jaza hapo saa za duka lako.

SWALI: Mshauri, mimi ni mwanafunzi wa chuo, Tanga. Ninasoma kwa simu, na wakati mwingine ninaiunganisha kompyuta mpakato kwa hotspoti ya simu hiyohiyo. Mara kurasa zinaanza kuvuta, nikiangalia naona kuna kitu kinajisasisha chinichini na bando limekwisha. Nifanyeje bila kuhatarisha usalama?

JIBU: Anza na kompyuta, maana ndiyo inayokula zaidi. Windows haiwezi kujua kila mara kwamba Wi-Fi uliyoiunganisha ni bando la simu, kwa hiyo huitendea kama intaneti isiyo na kikomo. Fungua mipangilio ya mtandao huo wa hotspoti, uutie alama kwamba unalipiwa kwa kiasi kinachotumika. Baada ya hapo masasisho mengi ya Windows yatasubiri mpaka upate mtandao mwingine, kama ule wa maktaba ya chuo. Usiliache hilo likawa la miezi.

Kwenye simu ya Android, ingia Play Store, kwenye mipangilio uagize programu zijisasishe kwa Wi-Fi pekee. Kisha, hata kama bando ni dogo, sasisha kwa mkono vitu viwili bila kuchelewa: kivinjari chenyewe na kile kinachoitwa Android System WebView. Hiki cha pili hakina dirisha lake na wengi hawajui kipo, lakini ndicho ambacho programu nyingine hukitumia kuonyesha kurasa za wavuti ndani yao. Machi 2021 toleo bovu la WebView lilifanya programu nyingi, Gmail ikiwamo, zijifunge zenyewe kwenye simu za watu sehemu mbalimbali za dunia, na tiba aliyoileta Google ilikuwa sasisho jingine. Michezo na programu za kuhariri picha zinaweza kusubiri Wi-Fi bila hasara.

SWALI: Ninaposoma habari, mara hutokea ukurasa unaosema kivinjari changu kimepitwa na wakati na kunitaka nipakue faili. Je, ni kweli? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Usipakue. Taarifa ya kweli ya sasisho hutoka kwa kivinjari chenyewe, katika menyu yake au pembeni mwa sehemu ya anwani, wala si ndani ya ukurasa wa habari. Kurasa za masasisho bandia ni njia inayojulikana ya kupenyeza programu za wizi, na huwekwa hata kwenye tovuti halali zilizodukuliwa. Funga kichupo hicho, kisha uangalie toleo lako kwa njia niliyomweleza msomaji wa Morogoro.

Ikiwa ni tovuti ya benki au ya serikali inayokuambia kwamba kivinjari ni cha zamani, huenda inasema kweli, hasa kama unatumia Windows 7, kwa kuwa Chrome iliacha kuihudumia baada ya toleo la 109 la Januari 2023. Hata hapo, usibofye kiungo ulichopewa. Andika mwenyewe anwani ya mtengenezaji wa kivinjari na upakue kutoka kwake. Na ikiwa mashine yako haiwezi kubeba Windows mpya, mtafute fundi akuwekee Linux nyepesi, ambayo bado hupokea matoleo mapya ya Firefox.